Bega la Shemeji na Swali la Saba

Fomu ilikuja kwa barua pepe, nami nikaenda kuichapisha Mbinga mjini, kwenye steshenari moja karibu na stendi ambako wanapiga pia picha za pasipoti. Ilikuwa na kurasa nne. Kampuni ya Ulaya inayonunua kahawa ya kikundi chetu ilitaka kujua habari zetu kabla ya msimu kuanza, na ilikuwa imejitahidi kuandika kwa Kiswahili ili tusisumbuke.

Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mtu aliyejifunza kwa bidii. Sina haki ya kumcheka. Mimi ni Mnyasa wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, Kiswahili nilikikuta shuleni, na nimekula mshahara kwa kukifundishia jiografia hadi nilipostaafu. Hapa Matiri, nilikooa, watu huongea Kimatengo mpaka mkutano ufunguliwe kwa sala, ndipo wanahamia Kiswahili. Nilichaguliwa kuwa katibu kwa hoja moja tu: kwamba kwa kuwa Kimatengo changu ni kibovu, hakuna hatari ya kukiandika kwenye kumbukumbu za kikao kwa bahati mbaya.

Swali la tano liliuliza kama watoto wanafanyishwa kazi. Swali la sita liliuliza kama wanawake wanaruhusiwa kusema mikutanoni. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mwanamke, na ni dada mkubwa wa mke wangu, alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Swali la saba liliuliza: "Je, mnatumia nguvu kiasi gani katika kumenya kahawa?"

Baada ya yale mawili yaliyotangulia, sikuona ugumu wowote. Niliandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Hatutumii nguvu yoyote. Kila mwanachama huja kwa hiari yake, na anayechelewa huambiwa tu." Niliona ni jibu zuri, lenye utu. Nikamsomea mwenyekiti, naye akasema niongeze kwamba hata viboko hatuna. Niliongeza.

Pamoja na fomu ile tulituma ombi. Kampuni ilikuwa imesema kwamba kila msimu itakisaidia kikundi kimoja kupata mota ya umeme ya kuzungushia mashine ya kumenyea kahawa. Ombi letu lilikuwa na sababu nyingi za maendeleo, lakini sababu ya kweli ilikuwa bega la mwenyekiti.

Kahawa iliyoiva ikichumwa asubuhi inapaswa kumenywa siku hiyohiyo, kabla haijaanza kuchacha. Mashine yetu ni pipa la chuma lenye meno, na ubavuni lina mkono wa kuzungusha. Unamimina debe la kahawa nyekundu juu, unazungusha, maganda yanaenda huku na punje zinaenda kule. Mashine hiyo haili umeme wala mafuta. Inakula mtu. Kila mwanachama humenya kahawa yake, na shemeji yangu alikuwa ameizungusha mashine hiyo tangu alipoolewa, kwanza akipokezana na mumewe, halafu, mume alipofariki, peke yake. Wanachama wengine wana vijana wakubwa na wakwe. Yeye watoto wake wako Songea na Makambako, na wanatuma salamu.

Mwaka huo bega la kulia lilikataa. Mkono ulipanda hadi usawa wa kifua, ukasimama hapo. Hospitali walimwambia akiendelea kuzungusha, hautapanda tena kabisa, na hata huo usawa wa kifua atausahau. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili: apate mota, au aache kahawa ya marehemu mumewe iwe mali ya wapita njia wanaonunua matunda mabichi kwa ndoo barabarani. Njia ya pili aliitaja mara moja tu, na aliitaja kwa Kimatengo, nikajua ni jambo zito.

Jibu la kampuni lilifika baada ya wiki tatu. Nililisoma kwenye simu nikiwa nimesimama uani kwake, na mke wangu alikuwa anamfunga dada yake kilemba, maana mwenyewe hakuweza tena kufikisha mkono kichwani.

"Soma, shemeji," alisema. "Usisome kimoyomoyo kama padri."

"Wanatupongeza."

"Kwa nini?"

"Wanasema sisi ni kikundi cha mfano. Wanasema kahawa yetu ndiyo pekee katika nchi zote wanazonunua isiyotumia nishati hata kidogo."

Ndipo lile neno likaniingia. Nishati. Kampuni haikuwa imeuliza kama tunawatumia watu mabavu. Iliuliza kuhusu umeme, dizeli na kuni. Aliyetafsiri alikuwa amechukua neno "nguvu", nami nikalichukua kwa upande wake mwingine, upande wa mgambo na virungu.

"Na mota?" aliuliza.

Nikasoma mstari wa mwisho. Kampuni ilikuwa imefikiri kwa makini na kuona si vyema kutupa mota, kwa sababu mota ingeharibu sifa yetu.

Mke wangu aliacha kilemba kikining'inia. Mwenyekiti akasema, "Shemeji, wewe ulifundisha watoto wa watu miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Mungu awasaidie."

Nilitaka kuandika barua ya kusahihisha siku hiyohiyo, lakini mwenyekiti alisema kosa lililofanywa kwa niaba ya kikundi lisahihishwe mbele ya kikundi. Tukaitisha kikao. Nilikiri. Watu walipokea vizuri, yaani walicheka, na mzee mmoja wa kamati, ambaye tangu nioe huku huniita Usipa kwa sababu ya dagaa wa ziwani kwetu, alitaka kujua kama huko Lundo samaki huingia kwenye nyavu kwa hiari au kwa nguvu.

Halafu wakauliza swali la maana: Wazungu wanataka kujua nishati yetu ya nini? Kahawa si wameshainunua?

Hapo nilirudi darasani, nikiri kwa furaha. Niliwaambia watazame juu, kwenye paa la ofisi. Bati lile limetengenezwa kwa chuma, na chuma huyeyushwa kwa moto mkali kuliko moto wowote mliowahi kuuona, na moto huo mara nyingi ni wa makaa ya mawe. Sasa, ukipita barabara ya Songea unakutana na malori yaliyobeba makaa ya mawe kutoka wilaya yetu hii hii, yanashuka kwenda bandarini. Yakipanda meli, hatuyaoni tena. Yanachomwa nchi nyingine, yanayeyusha chuma, chuma kinakuwa bati, bati linapanda meli nyingine, linarudi, tunalipigilia misumari.

"Makaa ni yetu, sivyo?" aliuliza yule mzee.

"Yametoka kwetu, mzee wangu."

"Na bati liko juu yangu hapa."

"Ndiyo."

"Basi moshi ni wa nani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba swali lake ni zuri kuliko la fomu, na kwamba nchi zenyewe zinagombana juu yake. Ukihesabu kwa mchomaji, moshi ni wa nchi yenye kiwanda. Ukihesabu kwa mtumiaji, moshi ni wake yeye aliyekaa chini ya bati. Kuna nchi zimeacha kuyeyusha chuma, zinanunua kilichoyeyushwa kwingine, na hesabu yao ya nishati imeshuka, wanapongezana. Chuma wanachotumia hakijapungua. Ni kama nyumba inayonunua maandazi kwa jirani: jikoni kwake hakuna masizi, ukuta ni mweupe. Masizi yako kwa jirani, na maandazi wameyala wao.

"Kwa hiyo sasa wameshtuka," nilisema, "wanataka kuhesabu mpaka masizi ya jirani. Sisi ndio jirani."

"Na sisi tumesema hatuna masizi," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo."

"Tumesema tunakaanga maandazi kwa hiari."

Kikao kiliamua nisahihishe. Niliandika, kampuni ikatuma fomu mpya, na safari hii kulikuwa na visanduku: umeme, dizeli, kuni, mkaa, mengineyo. Vinne vya kwanza tuliandika sifuri, na ilikuwa kweli. Nikagundua, nikiwa na kalamu mkononi, kwamba kosa langu la lugha lilikuwa limetoa jibu sahihi. Hatukutumia nishati yoyote yenye kisanduku. Kwenye mengineyo mwenyekiti aliagiza niandike "bega moja la kulia". Niliandika. Kampuni ilijibu kwamba itatuma mkaguzi.

Kabla mkaguzi hajafika nilikwenda Lundo kumjulia hali mama. Nilimkuta mdogo wangu ufukweni saa nne asubuhi ametandaza taa zake za kuvulia usipa juani, kila moja na kioo chake cha sola cha kuchajia, kama mama anayeanika nepi. Zamani alivua kwa karabai, na karabai zilikunywa mafuta ya taa mpaka nyumba ikanuka kama gereji. Taa hizi zimetengenezwa nchi ambayo hajawahi kuiona, zimekuja kwa meli, kwa lori, na mwishoni kwa bodaboda.

"Kaka," alisema, "nasikia umewaandikia Wazungu kwamba huko milimani hamchapani."

Habari za aina hiyo hushuka kutoka Mbinga hadi ziwani haraka kuliko basi.

"Nilikosea neno," nilisema.

"Si neno baya. Mimi ningejibu hivyohivyo." Aligeuza taa moja ielekee jua. "Sasa hizi zinatumia nguvu au hazitumii?"

Nilianza kumweleza, nikajikuta ninajieleza mwenyewe. Kutengeneza taa ile huko kiwandani kulikula nishati, na kuisafirisha kulikula nyingine. Lakini tangu ifike, mafuta ya taa yameachwa, na usipa hawajapungua kwa ajili hiyo. Biashara ile ile inayohamisha moshi kutoka nchi moja kwenda nyingine ndiyo pia inayoleta kifaa kinachopunguza moto. Inategemea nini kimekuja ndani ya sanduku, na kimekuja kuchukua nafasi ya nini. Miaka thelathini na mmoja nilifundisha biashara ya kimataifa kwa mishale kwenye ramani. Mishale haikuwahi kuniambia hivyo. Mdogo wangu alisikiliza vizuri, kisha akasema nimsaidie kugeuza taa zilizobaki.

Nilirudi Matiri nikiwa na kitu cha kumwambia mkaguzi, ingawa bado sikujua ni kipi hasa.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye viatu vilivyofaa, jambo lililotupa imani naye. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo kwa kupiga goti kidogo, akatoa kompyuta ndogo, akaomba kuona bega.

Tulikuwa tumejiandaa kumwonyesha mashine. Mwenyekiti alimimina debe kwa mkono wa kushoto, akashika mkono wa mashine kwa wa kulia, akauzungusha mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo. Alisimama akiangalia ukuta, jasho likimtoka puani. Nikamwondoa taratibu, nikaingia mimi. Mimi nimezoea chaki. Nilimaliza debe lile, lakini mkaguzi alikuwa ameshawasha saa kwenye simu yake, na aliniambia kwa heshima kwamba muda wangu hautafaa kutumika kama mfano.

Tulikaa. Mkaguzi alieleza, na alieleza vizuri, kwamba tatizo si yeye. Kampuni inahesabu nishati ya kila kilo ya kahawa tangu shambani hadi dukani, kwa sababu nchi yao inaidai hesabu hiyo. Mota ikija, safu yetu ya umeme itatoka sifuri na kupanda. Mwanadamu akizungusha, safu inabaki sifuri.

"Kwa hiyo mimi ni sifuri," alisema mwenyekiti.

"Si wewe, mama. Fomu haina kisanduku cha mtu."

"Ina kisanduku cha nini?"

Mkaguzi alisoma kwenye kompyuta. "Umeme, dizeli, kuni, mkaa. Halafu usafiri. Halafu mbolea."

"Mbolea ina nishati?"

Hilo nililijua. Nilisema mbolea ya chumvichumvi tunayoweka shambani hutengenezwa kwa kuchoma gesi nyingi sana, katika viwanda vya mbali, na kila mfuko unaofika Matiri umekuja na moto wake ndani, hata kama ni baridi ukiushika. Mkaguzi aliitikia kwa kichwa. Alisema kweli, kwa wakulima kama sisi mbolea ndiyo inayobeba sehemu kubwa kuliko mota yoyote.

Mwenyekiti alifikiri. Alikuwa akisugua bega.

"Mwalimu," alisema. Akiniita Mwalimu badala ya shemeji, ni kikao. "Yale madebe ya jioni, yaliyochacha, tunayapeleka wapi?"

Nilimwona mkaguzi akiinua macho.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Kwenye kilele cha msimu kahawa inaiva yote kwa pamoja, na mashine ya mkono haiwezi kuimaliza kwa siku. Madebe ya mwisho hulala, yanachacha, na yakikauka hutengwa kama kahawa ya hovyo ambayo kampuni haichukui. Kwa miaka yote hiyo tuliita hasara ile "za jioni", kama vile ni jina la aina fulani ya kahawa. Na ndani ya kila debe la jioni kulikuwa na mbolea ileile, gesi ileile ya kiwandani, dizeli ileile ya lori lililoileta. Moto wote ule umechomwa, na mwisho wake ni kahawa isiyofika kwenye kikombe cha mtu yeyote.

Niliyasema haya polepole, na kwamba mota ingeyawahi madebe yale siku hiyohiyo, maana nilikuwa nayaelewa wakati nikiyasema. Mkaguzi aliuliza tunatenga madebe mangapi. Tukamwonyesha daftari la mwenyekiti, lenye alama ya msalaba kwa kila debe la jioni. Lilikuwa na misalaba mingi kama makaburi ya misheni. Alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena.

"Kwa hiyo, Mwalimu," alisema, "mkitumia umeme mtakuwa mmepunguza nishati?"

"Kwa kila kilo inayofika kikombeni, ndiyo."

Aliangalia skrini kwa muda. "Inatoka hivyo," alisema, kana kwamba amekuta fenicha imehamishwa nyumbani kwake. "Lakini bega siwezi kuliandika."

"Basi nipitishe kwenye mbolea," alisema mwenyekiti.

Ndivyo alivyopita. Barua iliyokuja baadaye haikutaja mwanamke, wala mjane, wala mkono usiopanda. Ilisema kikundi chetu kimepewa mota ili kuboresha ufanisi wa mbolea. Ilisema pia kwamba kwa masikitiko tunaondolewa kwenye orodha ya vikundi vya mfano. Niliisoma kikaoni yote. Mzee wa kamati aliomba irudiwe sehemu ya masikitiko.

Mota ilifika katikati ya msimu, kwenye sanduku lenye maandishi ya lugha tatu, hakuna hata moja tuliyoijua. Fundi kutoka Mbinga aliifunga kwa siku moja. Aliutoa ule mkono wa kuzungusha, akaweka mkanda wa mpira mahali pake, akauegemeza mkono ukutani. Mwenyekiti alitangaza kwamba kesho yake kahawa ya kwanza itakuwa yake, na hakuna aliyebisha.

Kesho yake hakukuwa na umeme.

Mwenyekiti alikuwa amefika mapema na madebe sita, yameletwa na bodaboda kwa safari mbili. Fundi alipiga simu, akaambiwa mti umeangukia waya mahali fulani kati yetu na Mbinga, na mafundi wako njiani. Tulikaa. Ikafika saa tano. Wanachama wengine walianza kuja na madebe yao na kuyapanga nyuma ya yake, na mstari ukafika hadi kwenye matenki ya kuoshea. Saa saba mke wangu alileta viazi. Matunda yalianza kupata joto. Ukiingiza mkono ndani ya debe unalisikia.

"Tuurudishe ule mkono," alisema mzee wa kamati, akiuangalia pale ukutani. "Vijana wazungushe. Zikichacha tumepoteza zote."

Alikuwa na haki. Watu walimtazama mwenyekiti. Zake ndizo zilizokuwa za kwanza kwenye mstari, zilizochumwa mapema kuliko zote, na zingekuwa za kwanza kuharibika.

"Waanze na zenu," alisema. "Zangu zinasubiri."

"Mama, zitakuwa za jioni."

"Nimesikia."

Vijana walianza kufungua mkanda. Fundi alilalamika kwamba wakifungua itabidi aanze upya kuufunga na kuupima. Walikuwa wanabishana hivyo, spana mkononi, taa ya ofisini ilipowaka. Hakuna aliyeiona kwanza isipokuwa mwenyekiti, maana ni yeye peke yake aliyekuwa ameketi akiielekea. Ilikuwa saa tisa kasoro.

"Ondokeni hapo," alisema.

Fundi alibonyeza swichi. Mashine ilinguruma kwa sauti ambayo hatukuitarajia, nyembamba, kama cherehani kubwa. Mwenyekiti alimimina debe la kwanza kwa mkono wa kushoto na kulisaidia kidogo kwa wa kulia. Liliisha kabla hajasogeza la pili. Akamimina la pili, la tatu. La sita lilipoisha aliinama, akachota punje mkononi, akazinusa, akanipa nizinuse. Zilikuwa nzima.

Alisogea pembeni kumpisha mwenye debe linalofuata. Alisimama hapo kidogo, mikono ikining'inia, akawatazama watu waliokuwa wakipita mbele yake na madebe yao.

"Sasa mpaka jioni mimi nafanya nini?" aliuliza.

Aliyapanga madebe yake matupu ukutani. Kisha akaenda nyumbani kulala.